Tope letu lina thamani gani? Kesi ya bakteria ya Marekani iliyofika mpaka mikokoni kwetu

Siku moja ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa, nilikuta vijana watano wa chuo wakichota tope katikati ya mikoko, kwenye hori moja hapa kwetu. Walivaa mabuti ya mpira, na walikuwa na kasha la barafu na vichupa vilivyobandikwa namba. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akishona wavu pembeni akawauliza, "Wanangu, hilo tope mwalipeleka wapi?" Kijana mmoja akajibu kwa adabu, "Twalipeleka maabara, baba. Twatafuta bakteria." Mzee akacheka. "Bakteria? Chukueni, tena chukueni ndoo nzima. Tope la hapa halijapata mnunuzi tangu nizaliwe."

Tulicheka sote, na vijana nao wakacheka. Lakini nilipokuwa nikirudi nyumbani neno lile la mzee halikuniondoka. Ni kweli kwamba tope halijapata mnunuzi. Lakini vijidudu vilivyomo ndani ya tope na udongo vimekwisha kuuzwa, vimekwisha kugombaniwa mahakamani, na vingine vilivyotoka katika nchi hii vimekuwa mali ya makampuni ambayo sisi hatuna hata senti moja ndani yake. Mlango wa biashara hiyo ulifunguliwa na kesi ya mwanasayansi mmoja ambaye wengi wetu hatujawahi kusikia jina lake, Ananda Mohan Chakrabarty. Alifariki tarehe 10 Julai 2020, dunia ikiwa imeshikwa na korona, na habari ya kifo chake ikapita bila kelele.

Hapa Kenya, kila tukisikia "uhandisi jeni" akili zetu zakimbilia mahindi. Serikali ilipiga marufuku vyakula vya GMO mwaka 2012, ikaondoa marufuku hiyo Oktoba 2022, kisha kesi zikaanza kufuatana mahakamani. Wapwani wengi tumeutazama ugomvi huo kama shauri la wakulima wa bara na wanasiasa wao. Mimi naona kuna upande mwingine wa uhandisi jeni unaotugusa zaidi sisi wa kando ya bahari, nao ni ule wa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Kuuelewa, yafaa tuanze na huyu bwana Chakrabarty.

Alizaliwa mwaka 1938 katika mji mdogo wa Sainthia, Bengal Magharibi, nchini India. Alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Calcutta mwaka 1965, akaenda Marekani kufanya utafiti Illinois, na mwaka 1971 akaajiriwa na kampuni ya General Electric katika maabara yake ya Schenectady, jimbo la New York. Kampuni haikumwajiri ashughulikie mafuta ya bahari. Hiyo ilikuwa kazi aliyoifanya pembeni, kwa hamu yake mwenyewe.

Miaka hiyo dunia ilikuwa imeanza kuogopa mafuta baharini. Mwaka 1967 meli ya Torrey Canyon ilipasuka kwenye miamba karibu na pwani ya Cornwall, Uingereza, ikamwaga zaidi ya tani 100,000 za mafuta ghafi. Waingereza walihangaika mpaka wakatuma ndege za kivita kuyapiga mabomu ili yaungue. Kwa hiyo mtu aliyesema kwamba ana kijidudu kinachoweza kula mafuta, alisikilizwa.

Kazi yake ilikuwa hivi. Mafuta ghafi si kitu kimoja, ni mchanganyiko wa kemikali nyingi. Kuna bakteria wa jamii ya Pseudomonas ambao tangu zamani hula baadhi ya kemikali hizo, lakini kila aina hula sehemu yake tu. Ukiwatia pamoja aina nne tofauti hawasaidiani. Hushindana, na wengine hufa. Chakrabarty alichunguza akaona kwamba uwezo huo wa kula mafuta umeandikwa kwenye plasmidi, yaani vipete vidogo vya DNA ambavyo bakteria hubeba kando na DNA yao kuu, na ambavyo huweza kupitishwa kutoka kwa bakteria mmoja hadi mwingine. Basi akavihamisha vipete hivyo mpaka vikakusanyika ndani ya bakteria mmoja. Viwili kati yao vilikataa kukaa pamoja, akavipiga miali ya urujuanimno mpaka vikaungana vikawa kimoja. Mwisho akapata bakteria mmoja mwenye uwezo wa kula sehemu kadhaa za mafuta peke yake.

Wataalamu watakwambia kwamba huo haukuwa uhandisi jeni kwa maana kali ya neno, kwa sababu hakukata jeni na kuiunganisha kwa vimeng'enya kama wanavyofanya leo. Alitumia njia ambayo bakteria wenyewe huitumia kupeana plasmidi. Hilo ni kweli. Lakini mbele ya sheria hoja ilikuwa moja tu: kiumbe yule hakuwapo duniani kabla ya mkono wa mtu kuingia.

Mwaka 1972 kampuni ikaomba hataza. Hataza ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya kumzuia mtu mwingine yeyote asitengeneze wala kuuza uvumbuzi wake kwa muda maalumu, ambao siku hizi ni kama miaka 20. Mkaguzi wa ofisi ya hataza ya Marekani alikubali mambo mawili. Alikubali njia ya kutengeneza bakteria, na akakubali nyasi kavu zilizobebeshwa bakteria hao ili zielee juu ya maji. Alichokataa ni bakteria mwenyewe. Alisema kiumbe hai hakiandikiwi hataza, na kwamba bakteria ni zao la maumbile.

Mabishano yalipanda ngazi kwa ngazi hadi Mahakama ya Upeo ya Marekani. Tarehe 16 Juni 1980 majaji walitoa uamuzi, watano dhidi ya wanne, kwamba Chakrabarty ameshinda. Jaji Mkuu Warren Burger aliandika kwamba tofauti inayojalisha kisheria si kati ya kilicho hai na kisicho hai, ni kati ya kilicholetwa na maumbile na kilichotengenezwa na binadamu. Jaji Brennan, aliyeandika kwa niaba ya wale wanne, alisema jambo zito kama hilo lingeachiwa Bunge liamue. Kura moja tu. Jaji mmoja angegeuka, tungekuwa tunazungumza mambo mengine leo.

Sasa hapa ndipo penye kichekesho, ingawa ni kichekesho chenye uchungu. Bakteria yule aliyepiganiwa miaka minane hakupata kutumwa baharini kusafisha mafuta yoyote yaliyomwagika. Watu waliogopa kumwachilia kiumbe aliyebadilishwa kwenye maji ya wazi, na hata bila woga huo, kilichomea ndani ya chupa ya maabara si lazima kimee kwenye mawimbi, chumvi na upepo. Meli ya Exxon Valdez ilipopasuka Alaska mwaka 1989, waliofanya usafi walinyunyiza mbolea kwenye fukwe ili kuwapa nguvu bakteria wa pale pale, waliozaliwa hapo hapo. Mafuta yalipofumuka kutoka kisima cha Deepwater Horizon katika Ghuba ya Mexico mwaka 2010, bakteria wa asili wa bahari ile ndio waliokula sehemu ya mafuta hayo.

Mtu wa Mombasa akisikia hayo yafaa asimame kidogo. Sisi tumeishi na mafuta. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilifanya kazi tangu miaka ya 1960 hadi mwaka 2013, na meli za mafuta zingali zinateremsha Kipevu mpaka leo. Mwaka 2005 mafuta ghafi yalivuja kutoka meli bandarini, yakaingia Port Reitz, mikoko ikafa, na wavuvi wa upande ule wanaikumbuka harufu yake vizuri kuliko mimi. Mahali palipoingia mafuta mara kwa mara ndipo bakteria wanaoyala wanapozoea na kuzaana. Kwa maneno mengine, kile alichokuwa akikitafuta Chakrabarty kwa plasmidi na miali, tope la hori zetu huenda limejifunza lenyewe, kwa kulazimishwa. Kwa hiyo wale vijana na vichupa vyao hawakuwa wakicheza. Tope la mikoko halina hewa ndani, lina chumvi na salfa, ndiyo maana lanuka yai bovu. Kijidudu kinachoweza kuishi humo kina mbinu ambazo watengenezaji wa dawa, sabuni na mbolea wanazitafuta duniani kote.

Nirudi kwenye kesi. Kama bakteria hakusafisha kitu, utafiti wake uliathiri nini? Uliathiri pesa, na kupitia pesa ukaathiri dawa. Miezi minne tu baada ya hukumu, Oktoba 1980, kampuni changa ya Genentech iliuza hisa zake kwa umma kwa dola 35 moja, na kabla ya saa moja kupita bei ikafika dola 88. Wenye mitaji walikuwa wameelewa kwamba kijidudu chenye jeni mpya kinaweza kulindwa kama mashine, na kwa hiyo chafaa kuwekezwa.

Wala si haki kusema kwamba yaliyotoka humo yalikuwa mabaya. Nani kati yetu hana mtu nyumbani mwenye sukari? Zamani insulini ilitolewa kwenye kongosho za nguruwe na ng'ombe waliochinjwa, na kwa Mwislamu swali la nguruwe halikuwa dogo, hata kama dharura ina hukumu yake. Mwaka 1978 wanasayansi wa Genentech na hospitali ya City of Hope waliweza kuifanya bakteria ya E. coli itengeneze insulini ya binadamu, na mwaka 1982 dawa hiyo ikaidhinishwa Marekani. Leo insulini nyingi duniani yatoka kwenye vijidudu vya namna hiyo. Chanjo ya homa ya ini aina ya B anayochomwa mtoto kliniki ndani ya ile chanjo ya mchanganyiko, nayo hutengenezwa kwa hamira iliyotiwa jeni. Mtu anayelaani uhandisi jeni wote kwa jumla, kisha ampeleke mwanawe kliniki, yafaa ajue anachokisema.

Chakrabarty mwenyewe hakuishia kwenye mafuta. Alihamia Chuo Kikuu cha Illinois mjini Chicago mwaka 1979, akafundisha huko miaka mingi. Alipata bakteria wenye uwezo wa kuvunja 2,4,5-T, ile sumu iliyokuwa sehemu ya dawa ya kuangushia majani ya misitu ambayo Wamarekani waliimwaga Vietnam. Baadaye akaigeukia protini iitwayo azurini, itokayo kwa bakteria anayeleta maambukizi kwa wagonjwa mahututi hospitalini, akatafuta kama kipande chake chaweza kupambana na saratani. Kazi hiyo ilifika kwenye majaribio ya mwanzo kwa wagonjwa wachache. India ilimtunuku nishani ya Padma Shri mwaka 2007. Alikuwa mtu wa maabara haswa, si wakili, na nadhani ingemshangaza kijana yule wa Sainthia kuambiwa kwamba jina lake litabaki vitabuni kwa sababu ya kesi kuliko bakteria.

Athari iliyotufikia sisi haikuja kwa meli wala kwa ndege. Ilikuja kwa mkataba. Shirika la Biashara Duniani lilipoanza tarehe 1 Januari 1995, Kenya ikiwa mwanachama tangu siku ya kwanza, nchi zote wanachama zilifungwa na mkataba wa haki za ubunifu unaojulikana kama TRIPS. Kifungu cha 27 cha mkataba huo kinaruhusu nchi kukataa hataza kwa mimea na wanyama, lakini kinasema wazi: isipokuwa vijiumbe vidogo. Yaani nchi yaweza kusema ng'ombe hana hataza, mnazi hauna hataza, lakini bakteria aliyebuniwa maabara ni lazima aandikiwe. Kile ambacho majaji watano wa Marekani walikiamua kwa tofauti ya kura moja, miaka 15 baadaye kikawa wajibu wa nchi ambazo hazikuwa na hata maabara ya kumtengenezea bakteria huyo. Na Sheria yetu ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 ikafuata njia hiyo hiyo.

Unaweza kuuliza, je, hilo limewahi kumgusa Mkenya? Limegusa. Kuna dawa ya sukari ya kumeza iitwayo akabosi, ambayo kampuni ya Bayer huiuza kwa jina la Glucobay. Huchelewesha wanga kuvunjwa tumboni ili sukari isipande ghafla baada ya kula. Dawa hiyo hutengenezwa na bakteria wa jamii ya Actinoplanes. Bakteria huyo alipatikana wapi? Kwenye udongo uliochotwa Ruiru, hapa Kenya, mwaka 1970. Ruiru hii hii unayoipita ukienda Thika. Wakati ule hapakuwa na sheria yoyote ya kumzuia mtu kuondoka na mfuko wa udongo, na udongo wenyewe haukuwa na mnunuzi, kama tope la mzee wetu. Mgonjwa wa sukari wa Malindi au Lamu akiandikiwa kidonge kile leo, ananunua kwa bei ya duka kitu ambacho asili yake ni ardhi ya nchi yake.

Wa pili ni mfano wa maziwa ya magadi. Mapema miaka ya 1990 watafiti kutoka Uingereza walichukua vijidudu kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, likiwemo Ziwa Bogoria. Kutokana na vijidudu hivyo kampuni moja ya Marekani ilipata vimeng'enya vya kutia kwenye sabuni ya kufulia na vya kulainisha suruali za jinzi ili zionekane zimechakaa. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilijitokeza hadharani kulalamika kwamba Kenya haikupewa haki yake. Watafiti nao walisema walikuwa na vibali vya utafiti. Nami naona inawezekana pande zote mbili zilikuwa zikisema kweli, na ubaya wa jambo lenyewe ndio huo. Kibali cha kuchunguza kilikuwapo. Makubaliano kuhusu nini kitatokea kikipatikana kitu cha kuuzwa, hayakuwapo, au hayakuwa na meno. Wakazi wa kando ya Bogoria, Waendorois, ambao walikuwa tayari wakipigania ardhi yao waliyotolewa, sidhani kuna aliyewaambia kwamba hata matope ya ziwa yana thamani.

Baada ya hapo mambo yalibadilika, tusikatae. Mwaka 2006 zikatoka kanuni chini ya sheria ya mazingira kuhusu rasilimali za kijenetiki. Mwaka 2007 KWS ikaingia mkataba na kampuni ya Novozymes ya Denmark juu ya vijidudu vya mbuga zake. Katiba ya 2010, kifungu cha 69, ikaipa serikali wajibu wa kulinda rasilimali za kijenetiki pamoja na maarifa ya jamii kuhusu bayoanuwai. Itifaki ya Nagoya, inayotaka nchi na jamii zilikotoka rasilimali zigawiwe faida, ilianza kutumika Oktoba 2014 Kenya ikiwa ndani yake. Mei 2024 nchi wanachama wa shirika la mali ya ubunifu la Umoja wa Mataifa zikapitisha mkataba mjini Geneva unaotaka anayeomba hataza aseme rasilimali aliyoitumia ilitoka nchi gani. Na tangu Januari 2026 mkataba wa bahari kuu, ambao una sehemu nzima juu ya jeni za viumbe wa baharini, umeanza kutumika. Karatasi zipo, tena nyingi.

Shida ni kwamba karatasi hizo zinakaa Nairobi na Geneva, na tope liko hapa. Chukua zile kanuni za 2006. Zinasema anayetaka kuchukua rasilimali za kijenetiki aombe kibali NEMA, aonyeshe kibali cha utafiti, na aonyeshe kwamba wahusika wa mahali hapo wamearifiwa mapema na wakaridhia. Vitu vikisafirishwa nje ya nchi, lazima pawe na mkataba wa kuvihamisha. Hayo ni mazuri. Lakini ukisoma mwanzo wa kanuni hizo hizo, utakuta baadhi ya shughuli zimeachwa nje, mojawapo ikiwa utafiti wa kielimu ulioidhinishwa ndani ya vyuo na taasisi zinazotambuliwa za Kenya. Nia ilikuwa njema, mwanafunzi wa Kilifi asisumbuliwe na makaratasi kama kampuni kubwa ya ng'ambo. Lakini tope lililochotwa kwa ajili ya shahada ya mwanafunzi laweza kukaa kwenye friji la chuo miaka 10, kisha siku moja likasafiri kwa jina la ushirikiano wa utafiti. Isitoshe, siku hizi halihitaji hata kusafiri. DNA ikishasomwa herufi zake hutumwa kwa kompyuta, na aliye upande wa pili anaitengeneza upya. Hakuna afisa wa forodha pale Kilindini atakayeifungua.

Na "wahusika wa mahali" ni nani mikokoni? Hapa ndipo panaponikera. Mikoko ya pwani hii ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, Waingereza wakiwa bado hapa. Eneo kati ya maji makuu na maji ya kupwa, kwa mujibu wa kifungu cha 62 cha Katiba, ni ardhi ya umma iliyo mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo mzee wetu mvuvi, ambaye babu yake alikata boriti humo na mama yake aliokota chaza humo, hana hati ya kipande hata kimoja. Afisa akitaka kuruka ridhaa yake ana sababu tayari. Sheria ya kulinda maarifa asilia ya mwaka 2016 yaweza kumsaidia kama mtafiti ameuliza mganga au mkunga kuhusu dawa ya mti fulani. Lakini bakteria hakuna aliyemjua, hana jina katika lugha yetu, hakuna maarifa ya jadi ya kudai. Ndiyo maana nasema upande wa vijidudu ndio upande ambao jamii imeachwa wazi zaidi.

Kuna watakaosoma hapa wakasema, basi tuwafukuze hawa wa vichupa. Hapana, tena nalipinga wazo hilo kwa nguvu. Watoto wanaosoma biolojia katika vyuo vyetu vya Pwani ni watoto wetu, na wasipochunguza wao tope letu, litachunguzwa na wengine. Kilifi kwa zaidi ya miaka 30 kumekuwa na kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kinachojulikana duniani kwa kazi ya malaria, na watu wa vijiji vya pale wamezoea kukaa vikao, kuuliza maswali kabla ya kutoa damu yao, na kukataa wakitaka. Kwa nini damu iwe na kikao na tope lisiwe nacho?

Kikao hicho hakihitaji wakili. Kamati za ufuo, zile BMU, zipo karibu kila bandari ya samaki, zina wenyeviti na makatibu. Vikundi vya mikoko vipo pia. Gazi na Makongeni wameweza kwa miaka mingi kuuza hewa ukaa ya mikoko kupitia Mikoko Pamoja na kujiletea maji na vitabu vya shule, na hewa ni kitu ambacho mzee wetu angekicheka kuliko tope. Kamati inaweza kuuliza mambo machache tu. Nani amewatuma na nani anawalipa? Kibali kiko wapi, kina namba gani? Vichupa vinakwenda wapi, na DNA ikisomwa itawekwa wapi? Kikipatikana kitu cha kuuza, jina la mahali hapa litaandikwa kwenye ombi la hataza? Na je, mtarudi kutueleza mlichokiona? Swali hili la mwisho naliona kubwa kuliko la pesa, maana nimeshaona watafiti wengi wakija, na wanaorudi na majibu nawahesabu kwa vidole.

Serikali za kaunti nazo zimelala. Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River na Lamu zina idara za mazingira na za uvuvi, na ni rahisi kuweka daftari moja la kaunti la kila sampuli inayotolewa baharini na mikokoni. Haihitaji bajeti ya mabilioni, inahitaji karani na simu.

Wiki mbili baada ya siku ile nilipita tena kwenye lile hori. Katibu wa kamati ya ufuo, mama mmoja ambaye huandika kilo za samaki kila asubuhi, alinionyesha ukurasa mpya nyuma ya daftari lake. Ameandika tarehe, jina la kiongozi wa wale vijana, chuo chao, na vichupa 24. Alikuwa amewapigia simu mwenyewe. Kwenye mstari wa namba ya kibali ameandika kwa kalamu nyekundu: "Wamesema wataleta." Nilimuuliza kama wameleta. "Bado," akaniambia, "lakini wajua, mwanangu, walishangaa kuulizwa."